Trauti hawajagoma, saa yako ndo imebaki kiangazi

Swali lililoletwa ni hili: "Shikamoo mwalimu. Navua trauti kwa nzi wa bandia (ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu), huu mwaka wa tatu. Kiangazi chote mambo yalikuwa safi, naamka alfajiri, naingia mtoni kabla jua halijatoka, panzi wa bandia na nzi wakubwa wa kuelea wananipa samaki. Sasa majani yameanza kupukutika na kila kitu kimekufa. Maji yamekuwa kama kioo, samaki nawaona kwa macho, wengine wakubwa kabisa wamekaa kwenye changarawe maji ya magotini, nimewatupia nzi kumi na nne tofauti hawageuki hata. Nikapanda ziwani huko juu, nikakuta maji rangi ya chai yamejaa takataka, wiki nzima sikupata kitu. Nakosea wapi? Nibadilishe nzi, nibadilishe uzi, au niache mpaka mwakani?"

Marahaba mdogo wangu. Usiache, hii ndo miezi mitamu kuliko yote na wengi wanaiachia hivihivi. Ila nimesoma swali lako mara mbili, umeuliza mambo matatu ukadhani ni moja. Kuna la saa, kuna la wale wakubwa wa kwenye changarawe, na kuna la ziwa. Nzi wala sio tatizo, au tuseme ni tatizo la nne huko. Mtu akikosa samaki kitu cha kwanza anafungua kiboksi cha nzi, na mie nilikuwa hivohivo miaka mingi tu, kwa sababu kiboksi ndo kiko karibu na mkono.

Tuanze na saa. Samaki hana joto lake mwenyewe, joto la maji ndo joto la damu yake, kwa hiyo tumbo linafanya kazi kadiri maji yanavyoruhusu. Trauti anakula vizuri maji yakiwa nyuzi 10 mpaka 16 hivi za Selsiasi, yakipita 20 anahangaika, manake joto likipanda oksijeni ya kwenye maji inapungua, na yakishuka chini ya 4 au 5 yupo hai lakini hana haraka na chochote. Kiangazi mchana mto ulikuwa unapata moto, ndo maana alfajiri yako ilikuwa sahihi kabisa, ule ndo ulikuwa muda wa ubaridi. Sasa hivi mambo yamegeuka. Usiku wa milimani unagonga sifuri, mto asubuhi una nyuzi 4, jua linakuja kuugusa saa nne saa tano asubuhi, na mpaka saa nane mchana maji yamepanda mpaka 8 au 9. Hizo nyuzi nne tano ndo tofauti ya mto uliokufa na mto ulio hai. We unafika saa kumi na mbili asubuhi, unavua masaa matano ndani ya friji, saa tano vidole vina ganzi unafungasha unaondoka, na samaki ndo kwanza wananawa mikono.

Nunua kipimajoto kidogo cha maji, kifunge kamba, kitumbukize nyuma ya jiwe kwenye kivuli dakika mbili, soma. Nikifika nasoma, baada ya saa moja nasoma tena, na kinachonisaidia sio namba yenyewe sana, ni inaelekea wapi. Mwanzoni mwa vuli, yaani haya majira ya majani kupukutika, mto ukishuka kutoka 18 kuja 13, ubaridi ndo unawaamsha, siku hizo hata asubuhi asubuhi unaweza kupata. Mwishoni mwa vuli ni kinyume, unasubiri upande, ukiona umetoka 4 ukafika 6 basi fungua mshipi, hata kama 6 yenyewe ni ndogo. Watu wanashikilia namba moja wanasema chini ya hapa hamna uvuvi, sio kweli, nimeshawapata wanakula juujuu maji yakiwa nyuzi 6 kwa sababu tu yalikuwa yanapanda.

Alafu angalia maji yenyewe yanatoka wapi. Mto unaotoka kwenye chemchemi haubadiliki sana, joto lake linakaa karibu palepale mwaka mzima, kwa hiyo vuli unakuwa wa moto kuliko majirani zake. Unaotoka ziwani nao unachelewa kupoa, kwa sababu ziwa linatunza joto la kiangazi. Mfano mzuri ni mto Firehole kule Yellowstone, Marekani, ule unaingiliwa na chemchemi za maji moto, kiangazi katikati unakuwa moto mpaka samaki wanakimbilia vijito vya pembeni, ikifika Septemba na Oktoba ndo unarudi kuwa mto. Kwako pia kutakuwa na kipande kinachopata jua mapema kuliko vingine, kitafute, huko ndo uanzie.

Kuhusu chakula. Panzi wameisha, baridi kali ya usiku mmoja mbili inawamaliza, na samaki wanajua kabla yako. Kinachobaki ni vidogo. Kuna wale wadudu wa siku moja, wale wanaosimamisha mabawa kama tanga la mashua wakiwa juu ya maji, aina ndogo ya rangi ya zeituni na mabawa ya kijivu, wataalamu wanawaita Baetis, hao wanatoka vuli nzima, na ndoana yake ni namba 18 mpaka 22, yaani nzi mzima anakaa juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi inabaki. Kuna visubi wasiouma, wadogo zaidi. Siku nzuri ya hao wa Baetis ni ile unayoichukia wewe, mawingu mazito, manyunyu, ubaridi unaingia kwenye shingo, manake siku ya namna hiyo mabawa yanachelewa kukauka, mdudu anasafiri juu ya maji muda mrefu zaidi kabla hajaruka, na trauti anajua kabisa hiyo ni sahani inayotembea. Siku ya jua kali na anga la bluu wanatoka wachache na wanaruka mara moja. Upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini kuna mmoja tu mkubwa wa msimu huu, anatoka Septemba na Oktoba, mwili wa rangi ya chungwa, lava wake, yaani mtoto wake akiwa bado majini, anajijengea nyumba ya vijiwe mtoni. Huko ndo unaweza kutupia nzi mnene bila aibu.

Fanya hivi siku moja uone mwenyewe. Ingia kwenye maji ya kifundo yanayokwenda kasi, sio kwenye zile changarawe za wale wakubwa, ntakwambia kwa nini, nyanyua jiwe la ukubwa wa mkate, ligeuze. Utakuta tunutu, yaani wadudu wachanga wa majini, wanakimbia upande wa kivuli, bapa, mikia mitatu au miwili, wengine wana kifuko kwenye bega kimekuwa cheusi tii. Hicho kifuko ni mabawa yamekunjwa humo, kikiwa cheusi mdudu huyo anatoka leo au kesho. Ukiona vifuko vyeusi vingi na saa yako inasema saa sita mchana, usiende popote. Rudisha jiwe kama lilivyokuwa.

Kabla hawajatoka tumia tunutu wa bandia, mdogo mwembamba, na kichubwi kidogo cha kumshusha, anapita chini karibu na mawe mahali ambapo mkondo wa kasi unakutana na uliotulia. Maji ya baridi trauti hasogei mbali kufuata chakula, kiangazi anaweza kuja mita nzima, sasa hivi labda upana wa kiganja chako, kwa hiyo unapitisha mara kumi kumi na tano njia ileile kabla hujahama. Inachosha, najua. Ukiona pua zinaanza kuchomoza, badilisha uweke wa kuelea.

Sasa hiyo "maji kama kioo". Mito ya theluji vuli inakuwa chini kabisa, theluji ya juu imeshayeyuka yote na mpya haijaanza, maji hayana pa kuficha kitu. Hapa uzi una kesi, ila sio kesi ya kwanza, ya kwanza ni wewe mwenyewe umesimama kama mnara. Trauti akiangalia juu haoni uso wote wa maji, anaona kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, nje ya duara maji yanamrudishia picha ya chini kama kioo cha kujitazamia. Kipenyo cha hilo duara ni mara mbili na kidogo ya kina alichokaa, samaki wa sentimita 50 chini ana duara la mita 1.1 hivi. Na dunia yote ya nje, miti, mlima, na wewe, imebanwa kwenye kingo za hilo duara. Mtu wa mita 1.8 akisimama mita 10 anakaa kwenye ukingo kabisa, amebanwa bapa, haonekani sana, akisogea mpaka mita 5 tayari ni kitu kinachotembea angani. Kwa hiyo inama, piga goti, kaa mbali kidogo, mwendee kwa nyuma manake anaangalia mkondo unakotoka. Na jua la vuli liko chini, kivuli chako ni kirefu mara mbili ya kiangazi, fimbo nayo ina kivuli. Mie nimewahi kufukuza samaki wote wa kidimbwi kwa kivuli cha mkono tu nikifuta pua.

Kitu kingine kwenye hilo duara, samaki akiwa juu sana karibu na uso wa maji, duara lake ni dogo, nzi akipita kwa pembeni kidogo tu hajamwona kabisa. Unasema amekataa, kumbe hajaletewa. Nadhani katika nzi wako kumi na nne, saba hawakuonekana.

Uzi wa mwisho, ule unaofungia nzi, kama ulikuwa milimita 0.20 shuka mpaka 0.15, na kwa wale wadogo namba 20 shuka 0.13. Urefushe wote, kutoka kwenye mshipi mnene mpaka kwa nzi, kama ulikuwa mita 2.7 nenda 3.6 au 4. Wengi wanadhani wembamba ni kwa ajili ya kutoonekana, kiukweli faida kubwa ni kwamba uzi mwembamba ni laini, unamwacha nzi aende na maji kama jani badala ya kuburutwa, na trauti kinachomkimbiza ni ule mburuto, ule mchirizi mdogo wa V nyuma ya nzi. Mshipi wako ukitua, mkondo wa katikati unabeba tumbo lake haraka kuliko nzi, basi lirushe hilo tumbo juu kidogo kwa ncha ya fimbo kabla halijaanza kuvuta, sio baada. Ila kamba hukatikia pembamba, kagua fundo kila baada ya samaki, na uzi ukishakwaruzwa na meno au mawe ukate ufunge upya hata kama giza linaingia.

Majani! Hakuna aliyeniandaa na majani. Siku ya upepo mto wote ni majani, kila mtupo wa tatu umevua jani, na ukilinyanyua kwa hasira linazunguka kama feni na kukusokota uzi wote. Hapo napenda kuhamia kwenye maji ya kasi ambako majani yanapita kwa mstari mmoja yanaacha nafasi pembeni, au nasubiri upepo utulie, au naenda juu kuliko miti inapoishia. Hamna dawa nyingine.

Sasa tufike kwa wale wakubwa wa kwenye changarawe, hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mdogo wangu, wale hawakukataa nzi wako. Wale wako harusini. Trauti wa kahawia anataga vuli, na trauti wa kijito pia, yule mwenye mgongo wa michoro kama minyoo, wakati trauti wa upinde wa mvua na katithroti, yule mwenye alama nyekundu kooni, wao ni wa majira ya kuchipua. Kinachowaita zaidi ni mwanga, siku zikianza kuwa fupi mwili unapokea taarifa, ndo maana wafugaji wa samaki wakichezea taa kwenye mabwawa wanaweza kuwafanya watage mwezi mwingine kabisa. Na ushahidi mkubwa wa hilo ni wa kihistoria, mwaka 1864 mayai ya trauti wa kahawia yalisafirishwa kwa meli kwenye barafu kutoka Uingereza mpaka Tasmania, na 1867 wakafika New Zealand, na hao wa kule leo wanataga kuanzia Mei, manake huko kusini vuli ni Machi mpaka Mei. Samaki yuleyule kageuza kalenda nzima kwa kufuata mwanga.

Ukitulia ukawaangalia, badala ya kuwatupia, utaona kazi yenyewe. Jike analala ubavu anapiga mkia chini mara tano sita, changarawe inaruka, vumbi linapelekwa na mkondo, anarudi anashusha pezi la chini kwenye shimo kama anapima kina. Nyuma yake dume, taya la chini limejikunja kama ndoana, anafukuza vidume vidogo vinavyonyemelea pembeni. Anatoa mayai, dume anamwaga, jike anasogea mbele kidogo anachimba tena na changarawe ya shimo jipya inafunika la zamani. Kinachobaki ni kama kitanda kirefu chenye shimo mbele na kilima nyuma, changarawe yake imesafishwa imekuwa nyeupe kuliko ya jirani, kama mtu kaosha sahani moja akaacha zingine. Humo mna mayai, jike wa kilo moja anabeba 1,500 mpaka 2,000 hivi, na kwenye maji ya nyuzi 5 yanakaa karibu miezi mitatu kabla hayajaanguliwa, alafu vitoto vinabaki humohumo kwenye changarawe wiki kadhaa vikiishi kwa kiini cha yai.

Kwa hiyo wale usiwavue. Sio kwamba haiwezekani, ukimpitishia kitu usoni mara hamsini dume atakipiga kwa hasira, na watu wanapiga naye picha wanatamba. Mie nilishafanya ujinga huo, sikujua, nilimtoa jike mmoja na alipofika mkononi mayai yakaanza kumwagika kwenye vidole vyangu, ya rangi ya chungwa, yanateleza kwenye mkono wa koti. Nilimrudisha akaondoka ila yale mayai hayakurudi. Tangu hapo nikiona kitanda cheupe nazunguka.

Na kuzunguka maana yake ni kutokanyaga. Watafiti wawili wa Montana walichapisha mwaka 1992 jaribio la kukanyaga changarawe zenye mayai ya trauti, kukanyaga mara mbili kwa siku kipindi chote kuliua mpaka asilimia 96 ya mayai na vitoto, na kukanyaga mara moja tu karibu na kuanguliwa kuliua mpaka asilimia 43. Mara moja tu, fikiria. Sehemu nyingi sheria yenyewe inakusaidia, Scotland kwa mfano trauti wa kahawia anafungwa kuanzia tarehe 7 Oktoba mpaka 14 Machi, lakini kuna mito iko wazi mwaka mzima na huko ni dhamira yako tu. Soma kanuni za maji yako kabla hujafunga safari, vuli ndo msimu zinabadilika kipande kwa kipande, unaweza kukuta mto uko wazi na kijito kinachoingia humo kimefungwa.

Kuna watu wanasema basi ntavua wale wa upinde wa mvua wanaokaa nyuma ya vitanda wanadaka mayai yanayopotea. Kweli wapo, na nzi wa kuiga yai, kidonge kidogo cha rangi ya chungwa hafifu, anawapata sana. Msimamo wangu ni kwamba ukiwa mita chache nyuma ya kitanda, huwezi kuchagua nani atashika, kwa hiyo shuka mpaka kidimbwi kirefu kinachofuata. Mayai yanafika huko pia.

Lakini usidhani trauti wakubwa wa kahawia hawavuliki vuli. Wanavulika, kabla. Wiki kadhaa kabla ya kutaga wanahama, wanatoka maziwani na kwenye mito mikubwa wanapanda, na njiani wanapumzika kwenye vidimbwi virefu, chini ya kingo zilizochimbika, nyuma ya magogo. Hao bado wanakula na wana ugomvi. Wale wanaotoka ziwa Hebgen kupanda mto Madison kuingia Yellowstone, kuanzia Septemba, ndo mfano unaotajwa kila mahali, na hapo unatumia strima, nzi mrefu wa manyoya wa kuiga kisamaki, sentimita 5 mpaka 10, uzi mnene wa 0.25 au 0.28, fimbo ya kuvulia nzito kidogo, namba 6 au 7 badala ya 5. Tupa kuvuka mto, acha izame, vuta kwa mikono mifupi mifupi na kusimama katikati. Kwenye kule kusimama ndo wanapiga. Asubuhi mapema na jioni na siku za mawingu ndo saa zake, kwa hiyo kama huwezi kabisa kuacha kuamka alfajiri, hii ndo kazi ya alfajiri, na huenda ukamaliza asubuhi nzima kwa mgongo mmoja tu wa maji uliovimba nyuma ya nzi ukapotea. Siku hiyo utaikumbuka kuliko ya samaki kumi na tano wadogo.

Utajuaje anayepita na aliyefika? Kina na rangi ya chini. Akiwa kwenye giza, maji ya kiuno na zaidi, mvue. Akiwa kwenye changarawe nyeupe maji ya goti, yuko na mwenzake, hasogei hata ukipita, mwache.

Ziwa. Ile chai uliyoikuta sio uchafu wa mtu, ziwa lilikuwa linageuka. Kiangazi ziwa lenye kina linajipanga kwa tabaka, maji ya moto mepesi juu, ya baridi mazito chini, katikati kuna mpaka mwembamba ambapo joto linashuka ghafla, na tabaka hizo hazichanganyiki miezi yote hiyo, chini kunakosa oksijeni, kunakusanya majani yaliyooza na gesi. Vuli ya juu yanapoa, na maji yanakuwa mazito zaidi kadiri yanavyokaribia nyuzi 4, sasa ya juu yakishalingana na ya chini hakuna cha kuyatenganisha tena, unakuja upepo mmoja wa siku mbili na ziwa zima linazunguka kama uji kwenye sufuria. Takataka za chini zinakuja juu, harufu ya mayai viza kidogo, rangi ya chai. Samaki ambaye wiki iliyopita alikuwa analazimika kukaa kwenye ukanda mmoja wa mita kadhaa, sasa anaweza kukaa popote, na anatawanyika popote. Ndo hiyo wiki yako. Hakuna nzi wa kutibu, inachukua siku chache mpaka wiki mbili hivi, nenda mtoni au nenda ziwa lingine lenye kina kifupi, manake ziwa la mita mbili tatu lilikuwa linachanganywa na upepo kiangazi chote na halina cha kugeuza. La juu zaidi mlimani hugeuka mapema, la chini baadaye, kwa hiyo unaweza kulikimbia geuko kwa kushuka na baadaye kulikimbia tena kwa kupanda.

Likishatulia, rudi haraka, kwa sababu hapo ndo raha. Maji yamesafika, oksijeni iko mpaka chini, na chakula kilichobaki kiko pembeni kwenye majani ya maji yanayokufa, uduvi, konokono, ruba, tunutu wa kerengende. Trauti anakuja kwenye maji ya mita moja mbili, wakati mwingine unamwona mgongo kabisa, anazunguka njia moja kama mlinzi. Usimkimbize. Jua njia yake, weka nzi mbele, subiri, akifika mita moja vuta kidogo tu. Kuvuta polepole mpaka ujione mjinga, sentimita kumi alafu simama, maji ya baridi uduvi mwenyewe hakimbii. Au ning'iniza tunutu wa kisubi chini ya boya dogo, kina cha mita moja na nusu, uache mawimbi yafanye kazi. Mahali pa kuanzia ni kijito kinapoingilia, hasa jioni, wale wa kahawia wanakusanyika mdomoni wakisubiri kupanda, na upande ambao upepo unapigia, sio ule mzuri wa kukaa.

Mambo mawili ya mwisho. Ukimshika, mwache majini mpaka dakika ya mwisho, mikono iloweke kwanza, ndoana isiyo na kile kimwiba kinachorudi nyuma. Mwaka huohuo wa 1992 huko Kanada walijaribu trauti wa upinde wa mvua waliochoshwa kabisa, waliokaa majini muda wote walipona 88 kati ya 100, waliotolewa hewani sekunde 60 walipona 28. Na wa vuli ana safari au ana baridi kali mbele yake, picha sio lazima. La pili, wewe mwenyewe. Mawe yana majani yaliyoloa juu ya utelezi, na maji ya nyuzi 5 yakikufika kifuani pumzi inakatika kabla hujafikiri chochote, dakika ya kwanza unahema tu. Ile suruali ya mpira funga mkanda wake kiunoni kila mara, fimbo ya kutembelea ushike, na nguo kavu iwe kwenye begi sio nyumbani. Nilianguka mara moja Novemba maji ya mapajani tu, na nilishindwa kufungua zipu ya koti langu mwenyewe.

Jumamosi hii basi, lala. Fika saa nne na nusu asubuhi, pima maji, na ukikuta nyuzi 5 kaa kwenye jiwe uangalie kile kidimbwi kilichotulia chini ya mkondo wa kasi. Ukikaa mpaka saa saba mchana bila kutupa hata mara moja sio hasara. Ukiona kitu kama tone la mvua lakini hamna mvua, ni pua ya wa kwanza. Anza na wa mwisho kwenye foleni, wa nyuma kabisa, usije ukawatisha wengine.